Fundi wa Mashine za Pumzi

Fundi hakuwahi kuingia wodi yetu ya wazazi bila kupiga hodi, hata kama mlango u wazi na sote tumemwona tangu anashuka kwenye pikipiki getini. Angesimama kizingitini na baibui lake, kikapu cha ukindu mkononi, akapiga hodi mara tatu, akangoja aitikiwe. Akishaingia husalimia wazazi kitanda kwa kitanda, kisha wauguzi, halafu humalizia kwa mashine. Ndiyo, mashine. Huiwekea kiganja ubavuni, hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Haya, na wewe hujambo?" Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikaficha uso nyuma ya faili. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule, nimejaa maneno makubwa, na nilidhani wilaya imetuletea bibi wa watu ambaye akili zimeanza kumruka.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anasikiliza. Kiganja kile ndicho kilikuwa kipimo chake cha kwanza. Mashine ikitetemeka sivyo, au ikipata joto mahali pasipo pake, aliijua kabla hajafungua kikapu.

"Mashine haifi ghafla," alikuwa akituambia. "Hutuma salamu kwanza. Ninyi ndio hamuitikii."

Kituo chetu cha afya kiko upande wa bara wa Bagamoyo, ukishayapita mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, huko ambako kiangazi vumbi jekundu huingia mpaka kwenye chai. Yeye alikuwa fundi wa vifaa tiba, mwenye kuzunguka vituo vyote vya upande huu, na nyumba yake ilikuwa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kule pwani. Ndani ya kikapu mlikuwa na bisibisi za kila ukubwa zilizofungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, koleo, mswaki wa kusugulia vumbi na chupa ya chai ya tangawizi. Chai hiyo hakumpa mtu. Nilimwomba mara moja, akaniangalia kama niliyemwomba meno yake.

Na mlikuwa na daftari. Kila kituo kilikuwa na lake, kauntabuku la jalada gumu, na kila ziara alikuja nalo na kuondoka nalo. Sisi tuliliita Daftari la Makosa, ingawa yeye aliliita daftari tu. Sharti lake lilikuwa moja: aliyeitendea mashine vibaya aandike mwenyewe, kwa mkono wake, alichokifanya, aweke jina na tarehe. Hakutaka kuandikiwa "mashine imeharibika". Neno hilo lilimkera kuliko tusi.

"Imeharibika yenyewe? Ilitoka usiku ikaenda kucheza ngoma?"

Ukurasa wa kwanza wa kila daftari ulikuwa wake. Alikuwa amesimulia jinsi alivyowahi kuunganisha waya vibaya kwenye mashine ya kunyonya makohozi, akaiunguza mbele ya daktari, na chini ameweka jina lake lote. Alituonyesha ukurasa huo kabla ya kutuonyesha kitu kingine chochote. Mganga mfawidhi wetu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi, aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa kipindupindu, alimuuliza kama haoni aibu. Fundi akamjibu, "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na hapa kilio ni cha mtoto wa mtu."

Kufundisha kwake kulikuwa vituko. Ilisemekana aliwahi kuwa kungwi, wa kumfunda mwali ndani mpaka atolewe. Sikumuuliza, lakini nilifundwa naye na sina shaka. Mashine mpya ikija, aliifungia chumba cha kuhifadhia vifaa na sisi pamoja nayo, siku saba, baada ya zamu, na haruhusiwi mtu kuitumia kwa mgonjwa mpaka amefundwa akatoka. Kila hatua ilikuwa na wimbo. Ule wa kuwasha nauimba mpaka leo nikiwa peke yangu:

Usiniwashe kwa pupa,
roho ya mwana ninayo.

Mganga mfawidhi alisema yeye ana shahada, hataimba. Fundi hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba basi hatakuwa na ruhusa ya kubonyeza swichi. Siku ya tatu tukamsikia anaimba, tena kwa sauti nzito ya kanisani, huku akipiga makofi nje ya mapigo. Sisi wauguzi tulikuwa hoi kwa kicheko, lakini hakuna mashine aliyoikosea tangu siku hiyo.

Watu humsimulia Fundi kama mtu aliyenyooka, na mimi niliyemjua nasema hapana. Alikuwa na mapindo yake. Alifufua mashine za wilaya nzima, na redio ya nyumbani kwake ilikaa bubu miaka. Aliogopa sindano. Ukimwambia akae apimwe shinikizo la damu alikumbuka ghafla kwamba pikipiki inamngoja. Vifaa vya msaada vilivyoletwa na plagi zisizoingia kwenye soketi zetu alivitukana kwa Kiswahili kizuri mpaka unatamani kukiandika, lakini wageni waliovileta wakifika alikuwa wa kwanza kuulizia kuku wa kuwachinjia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lakini mgeni asipouliza mwenyeji anaumwa nini, atamtibu ugonjwa wa kwao."

Ndiyo maana Elia alipata tabu naye. Elia alikuwa mhandisi kijana wa chuo kimoja cha Dar. Yeye na wenzake walikuwa wanaunda mashine ya kuvuta hewa ya kawaida na kutoa humo oksijeni, iliyokusudiwa kuvumilia umeme wetu unaopanda na kushuka. Alikuja na kompyuta na viatu vyeupe, akamwomba Fundi maoni. Fundi akampa fagio.

"Fagia kwanza wodi. Halafu deki. Halafu utaniambia umeona nini."

Elia, nimpe haki yake, alideki. Wiki ile alisaidia kumbeba mama mmoja kutoka kwenye bajaji, akashika taa umeme ulipokatika. Mwisho wa wiki Fundi akamuuliza, "Swichi ya mashine yako, muuguzi ataibonyeza na nini?"

"Na kidole, mama."

"Umeona kidole safi humu tangu uje? Watabonyeza na kiwiko."

Elia akarudi Dar, wakaiondoa ile swichi ndogo ya pembeni wakaweka kubwa ya juu, ya kubonyezwa kwa kiwiko. Nadhani hapo ndipo urafiki wao ulipoanza. Wizara ikatoa kibali mashine zijaribiwe kwenye vituo vichache vya huku kwetu. Zikimaliza msimu salama, zitaenda mikoa mingine. Zikishindwa, zitarudishwa chuoni. Kabla ya hapo mtoto aliyezaliwa na shida ya pumzi tulimkimbiza njiani na mtungi wa oksijeni ambao hatukujua utatufikisha wapi. Kwa hiyo mashine ile ilipofika, baadhi yetu tulilia. Mimi nililia.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mimi nafuma. Kwetu kila kitu cha thamani huvalishwa. Televisheni ina kitambaa chake, friji ina chake, mtungi wa maji una chake, na mama yangu akikuta redio iko uchi sebuleni husema nyumba haina mwanamke. Mashine ile ilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kuwekewa mbele. Tulichanga nyuzi, nikaifumia nguo ya waridi yenye maua pembeni, nikaitia bitana ya bafta kwa ndani ili ianguke vizuri, ikashuka mpaka sakafuni. Tulidhani tunaikinga na vumbi. Wageni wakija, au tukisikia pikipiki ya Fundi getini, tuliivua haraka ili waone uso wake, kama anavyofunuliwa bibi harusi. Wakishaondoka tunaivisha tena.

Ikaanza kuzimika adhuhuri. Inapiga kelele, inazima. Elia akaja, akaikuta nzima. Akabadilisha feni. Ikazima. Akaja tena, akaikuta nzima, akakaa nayo siku mbili haina neno, maana mgeni yupo na nguo tumeivua. Alikonda yule kijana. Na hatukuunganisha mambo, wallahi hatukuunganisha, mpaka siku ilipozima ikiwa na mtoto.

Mtoto wa kike wa siku moja. Tulimhamishia kwenye mtungi, akapona, leo yuko shule. Lakini nilipoivua nguo ile ili niangalie mashine, joto lililonipiga usoni lilitosha kuivisha mkate. Nikajua palepale. Nikaikunja nguo, nikaitia mkobani, na sikumwambia mtu.

Siku mbili baadaye Fundi akaja na Elia. Ripoti ilikuwa tayari kwenye kompyuta: mashine haiwezi joto la kituo chetu, inaondolewa Jumatatu. Fundi alifungua chujio la nyuma, akatoa uzi wa waridi kwa ncha ya koleo, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani anafuma hapa?"

Wenzangu walitazama chini. Walikuwa wananingoja mimi. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio cha ajira, mganga mfawidhi amesimama hapo na shati lake, na nilikuwa nimeshajiona nyumbani kwa mama na barua mkononi.

"Labda nyuzi za kanga za wazazi," nikasema.

Fundi akauweka uzi katikati ya daftari. "Labda," akasema. Elia akasema tangu juzi haijazima, labda imepona. Fundi akatikisa kichwa. "Iliyopona yenyewe itaugua yenyewe. Kama hatujui sababu, acha waichukue. Siwezi kumwambia mama alaze mwanawe kwenye kitu nisichokijua."

Hapo ndipo uongo wangu ulipopata uzito. Nilikuwa nimedhani najificha mimi peke yangu, kumbe nilikuwa naiondoa mashine. Nilimwona Elia anaanza kukunja waya.

Nilimkimbilia Fundi getini alipokuwa anapanda pikipiki. Nikatoa nguo mkobani, nikampa. Aliipokea, akaitandaza kwenye kiti cha pikipiki, akapitisha vidole kwenye maua, akaigeuza akaona bafta.

"Umefuma vizuri," akasema.

"Nisamehe, Bi Fundi. Ni mimi. Tuliivua kila mlipokuja. Hata siku ya yule mtoto nilijua, nikaficha."

"Nimesikia. Rudi kazini, una wagonjwa."

Aliitia nguo kikapuni, juu ya daftari, akaondoka. Jumatatu hawakuja kuichukua mashine. Nilikaa wiki kadhaa nikingoja barua. Kila gari la wilaya lilipoingia getini nilichungulia dirishani. Barua haikuja, ila alikuja Elia na fremu ya mti iliyotengenezwa na seremala wa Mji Mkongwe, mchonga milango, yenye miguu minne. Inasimama kuizunguka mashine, inakiweka kitambaa mbali nayo kwa shubiri nzima, na nyuma na chini iko wazi. Kitambaa chenyewe chepesi, cha matundu madogo, kinafuliwa kila Ijumaa. Vumbi jekundu lilinasa humo kabla ya kufika kwenye chujio, na machujio yakaanza kudumu.

Elia alinihadithia kwamba kikao cha Dar kilitaka kubandika karatasi kila kituo: MARUFUKU KUFUNIKA. Fundi akawaambia karatasi haimzuii mtu kukitunza anachokipenda. "Watafuma tu. Basi wafume nguo inayopumua." Baada ya hapo wauguzi wa vituo vingine wakaanza kutoa mavazi yao makabatini, moja la kijani, jingine la dhahabu, kila muuguzi akidhani alikuwa peke yake. Mashine zikamaliza msimu. Zikaenda mikoani.

Fundi hakwenda nazo. Alikuwa ametajwa kuwa kwenye timu ya kuzunguka nchi kufundisha, halafu tukasikia amechaguliwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alisema hapendi kupanda ndege, na mimi niliamini, maana mtu anayekimbia sindano ataiweza ndege? Kuhusu kosa langu, nilidhani aliliandika na wakubwa wakanionea huruma. Daftari la kituo chetu likaja na kuondoka kama kawaida, na mimi sikuwahi kurudisha kurasa nyuma mpaka pale. Niliogopa kuliona jina langu. Likajaa, likaja jipya, nikapumua.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Mimi ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi, nawafunda wauguzi wapya siku saba, na wao hucheka nyimbo kama nilivyocheka mimi.

Mwezi uliopita Fundi alinipigia. Amestaafu, na macho yameingia ukungu. Kufanyiwa upasuaji anasema "baada ya Ramadhani", hasemi Ramadhani ipi. Madaftari yote ya zamani yako kwake, na Elia, ambaye sasa anafundisha, ameyaomba yakawe somo la wanafunzi wake. Fundi hakutaka yaondoke kabla hajasomewa.

Nilimkuta sebuleni. Sikujua kwamba na yeye ni walewale: kila kitu kimevalishwa, hata ile redio bubu.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hao wazazi wako hawajambo? Na mashine?"

"Hazijambo. Zinakusalimu."

"Usinidanganye, mashine hazisemi," akasema, na akacheka peke yake.

Tulianza na kituo cha pwani, tukaja na vingine. Nilimsomea makosa ya watu ninaowafahamu na nisiowafahamu, na yeye akawa anasema "maskini" au "yule alikuwa hodari". Halafu mkono wangu ukalishika daftari letu. Niliujua ukurasa kabla sijaufikia, kwa sababu uzi wa waridi ulikuwa umewekwa hapo kama alama. Mwandiko ulikuwa wake.

"Mbona umenyamaza? Soma."

Nikasoma. "Mashine imezima adhuhuri kwa kukosa hewa, ikiwa na mtoto. Ilifunikwa nguo. Kosa ni langu, fundi. Niliwafundisha kuipenda, sikuwauliza kwao kitu kinachopendwa hufanywa nini." Na chini yake jina lake lote, majina matatu, kama kwenye ukurasa wa kwanza.

Nilimuuliza kama hiki ndicho alichokipeleka Dar. Akasema ndicho.

"Na timu ya mikoani?"

"Walisema fundi aliyeacha mashine ifunikwe na mtoto yumo hafai kufundisha wengine. Walikuwa na haki."

"Hawakuwa na haki! Ni mimi niliyefunika. Ni mimi niliyedanganya mbele yako." Nililia kwa hasira, na sikujua hasira ni ya kwao, ya kwake au ya kwangu. "Wewe ndiye uliyesema kila mtu aandike lake. Umevunja sharti lako mwenyewe."

"Nimelivunja," akasema. "Walitaka jina la muuguzi. Ningewapa lako, unadhani yule wa nguo ya kijani angeitoa kabatini? Wangezificha zote, na mashine zingekufa bila mtu kujua. Na wewe ulikuwa mtoto. Ulikuja getini mwenyewe, hukuitwa."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekuja kuandika kwa ajili yangu. Nilitaka ulifungue daftari mwenyewe." Akapapasa meza mpaka akaipata kalamu, akanisukumia. "Umechelewa, lakini nafasi ipo. Niliacha mistari chini."

Nilitazama. Kweli, chini ya jina lake kulikuwa na nusu ukurasa mtupu, na kosa lililofuata limeanzia ukurasa mwingine.

Nikaandika. Niliandika kwamba nilifuma nguo ya waridi, nikaitia bafta, kwamba tulikuwa tunaivua kila fundi akija, kwamba nilijua siku ya mtoto na nikasema ni nyuzi za kanga. Niliandika jina langu lote. Yeye alikuwa ameweka kiganja juu ya meza, anaisikiliza kalamu.

"Soma."

Nikasoma mpaka mwisho, na jina langu lote.

"Tarehe?"

"Niweke ya leo au ya siku ile?"

"Weka zote mbili," akasema. "Hao wanafunzi wa Elia wajue inachukua muda gani."